Kokoto rejelewa ni nini, na kwa nini zinakunywa maji

Kokoto rejelewa ni kokoto zinazopatikana kwa kuponda zege lililokwisha kutumika: nguzo, mihimili, sakafu na misingi ya jengo lililobomolewa. Si kila kifusi kilichopondwa kinastahili jina hilo. Kifusi huja na tofali, vigae, mbao, nyaya, plasta na udongo, na hata ukikisaga hadi milimita 20 kinabaki kuwa kifusi kilichosagwa. Kanuni za Ulaya za kokoto rejelewa za daraja la juu hutaka angalau asilimia 90 ya uzito iwe zege na bidhaa za zege, huku glasi na takataka nyingine kwa pamoja zisizidi asilimia 1.

Ndiyo maana kazi huanzia kwenye ubomoaji, si kwenye mashine. Vitu vya jasi (dari, bodi za ukuta, plasta) hutolewa kwanza, kwa sababu salfeti yake ikikutana na saruji mpya hutengeneza fuwele zinazovimba na kupasua zege miezi kadhaa baadaye, fundi akiwa ameshaondoka. Glasi nayo hugombana na alkali ya saruji. Zege la ufukweni lililolowa chumvi huozesha nondo. Mabati ya asbesto yaondolewe mazima, na watu waliofundishwa, kabla nyundo ya kwanza haijagonga ukuta; yakishapondwa hakuna chekeche litakaloyatenganisha. Jengo likibomolewa kwa pupa vyote vikaangukia rundo moja, mara nyingi kifusi hicho kinafaa kujazia mashimo tu.

Baada ya hapo mambo ni mepesi: mashine ya kuponda, sumaku ya kunasa nondo, maji au upepo wa kuondoa mbao na plastiki, kisha chekeche. Chembe zilizo chini ya milimita 5 hutengwa, maana ndiko uchafu na saruji ya zamani hujikusanya.

Sasa okota kokoto moja uitazame. Upande mmoja ni jiwe, upande mwingine una gamba la kijivu la saruji na mchanga wa zamani. Dondoshea tone la maji pande zote mbili: kwenye jiwe linatulia, kwenye gamba linatoweka. Gamba hilo ndilo tofauti yote kati ya kokoto hizi na za machimboni.

Kupima maji zinayokunywa ni rahisi. Kausha sampuli kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usishuke tena, iloweke saa 24, ifute kwa kitambaa, ipime. Ikiwa gramu 2,000 zimekuwa 2,120, ufyonzaji ni asilimia 6. Kokoto nyingi za mawe ya kawaida huwa chini ya 2. Mita moja ya ujazo ya zege inayotumia kilo 1,000 za kokoto rejelewa kama za sampuli hiyo zikiwa kavu inaweza kupoteza lita 60, wakati maji yote ya mchanganyiko huenda ni lita 180. Zege linakauka likiwa bado kwenye toroli, fundi anaongeza maji kwa kukisia, na anayekisia huzidisha. Nguvu inashuka, lawama zinaangukia kokoto.

Dawa ni kuzilowesha tangu jana yake, kisha kuziacha zichuje: ziwe na unyevu ndani, zisiwe zinadondosha maji nje. Ukiweka kokoto rejelewa badala ya asilimia 20 hadi 30 ya kokoto kubwa za kawaida, kwa kawaida nguvu haipungui kwa kiasi cha kuonekana. Ukibadilisha zote, zege hunywea zaidi linapokauka na hupinda zaidi chini ya mzigo, hivyo mhandisi lazima ahesabu upya. Kwa tabaka la chini la barabara, zege la kusawazishia msingi au matofali, kokoto hizi hazina ubishi. Kwenye mifereji ya kuchujia maji ningesita: chokaa inayotoka humo huweza kuganda na kuziba mabomba.

Vumbi la mawe la machimboni, linalowekwa badala ya mchanga, ni ndugu wa mbali. Ni jiwe jipya, halina gamba, ila chembe zake zina kona kali na unga mwingi, kwa hiyo nalo huhitaji maji zaidi. Changanya nusu kwa nusu na mchanga wa mtoni kwanza, kisha rekebisha. Usiukatae unga wake kwa kipimo cha kutikisa chupa pekee (kulitikisa na maji, kisha kutazama tabaka la unga linalotulia juu): chupa haitenganishi unga wa jiwe na udongo wa mfinyanzi, na unaoharibu zege zaidi ni mfinyanzi. Sugua vumbi lililoloweshwa kwenye kiganja. Unga wa jiwe huoshwa mara moja, mfinyanzi hunata na kuacha doa. Na unaposaga, nyunyiza maji na vaa barakoa ya vumbi laini. Silika, madini yaliyomo kwenye mawe mengi na mchanga, ikishaingia mapafuni haitoki.