Kusafisha diski kabla ya kuuza au kutupa, maana yake nini hasa

Mtu anapeleka laptop yake Mwanjelwa, Mbeya, kuiuza, kabla ya hapo anafuta mafaili yote, anamwaga na Recycle Bin, basi anaona kamaliza. Bado. Kompyuta ikifuta faili huwa haigusi faili lenyewe, inachofuta ni ile kumbukumbu ya faili liko wapi, sawa na kukata mstari kwenye daftari la godauni la viazi wakati magunia yamepangwa humo humo. Kufomati kwa haraka nako ni hivyo hivyo.

Kusafisha diski kunakozungumzwa hapa ni kuhakikisha kilichokuwemo hakirudi hata mtu akijaribu kukirudisha, na wa kujaribu hahitaji kuwa mtaalamu, programu za bure zipo kibao, mfano PhotoRec, unachomeka flashi iliyofomatiwa inaanza kutema mafaili yenye majina ya namba tu, f0034816.jpg huko, unafungua unakuta kitambulisho cha NIDA cha mtu, mbele na nyuma. Sasa fikiria flashi na kompyuta za steshenari za karibu na vyuo, vyeti vya fomu foo na CV za watu wangapi zimepita hapo.

Njia inategemea kifaa, na hapa ndo wengi wanachemka. Hadi diski (hard disk) ya kawaida, ile yenye sahani zinazozunguka, unaiandikia upya sifuri mwanzo hadi mwisho, kwenye Windows kuna programu ya diskpart na amri yake ya clean all (angalia vizuri namba ya diski kabla ya kubonyeza enter, haina huruma hiyo), inachukua masaa ila raundi moja inatosha. Habari ya kwamba lazima uandike raundi 35 ilitoka kwenye andiko la 1996 la Peter Gutmann, mtafiti wa usalama wa kompyuta, diski za enzi hizo, mwenyewe alishasema za sasa hazihitaji.

SSD (diski isiyo na sahani, ni chipu tupu) na flashi ni habari nyingine. Ndani kuna chipu inayohamisha-hamisha data ili sehemu moja isichakae mapema, kwa hiyo unaweza kuandika sifuri mpaka ijae na bado vipande vya zamani vikabaki sehemu ambazo kompyuta haizioni kabisa. Kwa SSD tumia amri ya kusafisha iliyowekwa na kiwanda, au bora zaidi, iwe SSD au flashi, ifunge kwa BitLocker (programu ya Windows ya kufunga data kwa ufunguo) toka siku ya kwanza, ukifuta ufunguo data inabaki makorokoro. Simu za Android za miaka ya karibuni zinafanya hivyo zenyewe ukirudisha mipangilio ya kiwandani, ila memori kadi toa, usiiache humo.

Kama kifaa kimekufa, haribu. Hadi diski toboa sahani zenyewe, sio kukata waya tu, SSD vunja zile chipu nyeusi moja moja. Na jamani msichome moto nyuma ya nyumba na majani ya migomba, ule moshi ni sumu.

Saccos na zahanati hizi ndogo za Uyole na Mbalizi ndo ziangalie zaidi, sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Na mkiuza ile mashine kubwa ya fotokopi muulizeni fundi kwanza, nyingi zina hadi diski ndani na huwa inatunza kilichopita kwenye kioo.