Kukata springi hakulifanyi gari lishike kona

Kwenye gereji za hapa Tabora, chini ya miembe, utamsikia kijana akimwambia fundi: "Kata springi mzunguko mmoja na nusu, gari lilale chini, lishike kona kama la mashindano." Si kweli, na inaniuma, maana magari mazuri yanaharibiwa hivyo.

Gari likishuka, uzito hauhami sana kwenda upande mmoja kwenye kona. Hilo ni sahihi. Lakini kazi ya springi na shokapu ni kulikandamiza tairi lisiachane na lami. Springi iliyokatwa inakuwa fupi na ngumu, shokapu ya zamani haiimudu, gurudumu linadunda. Ukikuta bonde dogo katikati ya kona, springi inaishiwa nafasi, inagonga raba ya kikomo, ile inayozuia springi isibonyee kupita kiasi, na papo hapo tairi linateleza. Nimewahi kuishika raba hiyo, imetoka kwenye Toyota Altezza iliyokatwa springi: imepasuka katikati na kusagika kama unga. Magari ya mashindano ya Safari Rally kule Naivasha, Kenya, yameinuliwa, springi zake zina mwendo mrefu, na kona yanazishika.

Anayejiandaa kweli kwa uwanja wa mashindano hununua springi na shokapu zinazoendana, kisha hupima alaimenti, yaani jinsi magurudumu yalivyokaa na kunyooka. Upepo nao si wa kujaza tu. Tairi likipata moto, upepo hupanda takriban psi 1 (kipimo cha upepo wa tairi) kwa kila nyuzi 6 za Selsiasi, kwa hiyo dereva huanza na upepo wa chini kidogo, huzunguka mara chache, kisha hupima tena tairi likiwa bado la moto.