Zahanati iliyoandika sifuri mwaka mzima

Kazi yangu ni takwimu za afya. Kwa miaka mingi nimekuwa nikipokea taarifa za mwezi za zahanati na vituo vya afya hapa Mtwara, nazikagua, zenye kasoro nazirudisha, na kila robo mwaka nazipanga kwenye majedwali yanayokwenda vikaoni. Leo nataka kueleza sehemu moja tu ya taarifa hizo, ile ya magonjwa ya akili. Ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote, na mimi mwenyewe niliwahi kuisoma vibaya mbele za watu.

Kilikuwa kikao cha tathmini. Zahanati moja ya huko juu, kwenye uwanda wa Makonde, ilikuwa na sifuri kwenye saikosisi, yaani ule ugonjwa ambao mtaani tunauita wazimu, na sifuri kwenye nyurosisi, kapu la sonona, hofu na wasiwasi uliopitiliza. Miezi yote kumi na miwili. Nikasema kwa sauti, "Hapa hali ni shwari." Mratibu wa afya ya akili, mama wa makamo aliyeifanya kazi hiyo kabla mimi sijamaliza shule, alikuwa amekaa nyuma. Hakubisha. Tulipotoka kunywa chai akaniambia, "Mwanangu, wiki ijayo napanda huko na gari la chanjo. Twende ukaione hiyo hali shwari."

Tukapanda. Zahanati ilikuwa na nesi mmoja na mhudumu mmoja, kwa kuwa tabibu alikuwa masomoni. Mratibu akamuuliza yule nesi kama kijijini hakuna mgonjwa wa akili. Nesi akacheka kidogo, kisha akaacha kucheka. "Mama, wapo. Yupo kijana wa pale kwenye mkorosho mkubwa, alifungwa kamba na ndugu zake mwezi mzima. Lakini nikiandika saikosisi halafu dawa sina, namwambia nini mama yake? Nawaambia waende hospitali ya wilaya. Wengine wanakwenda kwa mganga." Kabati la dawa lilikuwa wazi nyuma yake. Haloperidoli, dawa ya saikosisi, haikuwemo, wala amitriptilini, dawa ya sonona.

Asiyehudumiwa haandikwi, na asiyeandikwa hahesabiwi. Sifuri niliyoisoma kikaoni ilikuwa habari ya kabati.

Wakati mratibu anaongea naye, niliomba Kitabu namba 5. Kwa msomaji asiyekijua: ni rejesta ya wagonjwa wa nje katika MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Ni kitabu kikubwa cha mistari, kila mgonjwa mstari wake: tarehe, jina, kijiji, umri, jinsi, ugonjwa, matibabu. Mwisho wa mwezi nesi anapitisha kidole mstari kwa mstari, anapiga tali, yaani vistari vya kuhesabia, kwenye karatasi, anajumlisha, na taarifa inatakiwa ifike halmashauri kabla ya tarehe 7. Huko inaingizwa kwenye kompyuta, kwenye programu ya DHIS2. Kinachopanda ni jumla tu. Jina na kijiji vinabaki kitabuni.

Nikafungua kurasa za nyuma na kuweka rula chini ya jina moja, la mama wa miaka arobaini na kitu. Alikuja mwezi wa pili: maumivu ya kichwa, panado. Akarudi baada ya siku kumi na mbili: malaria, ingawa kipimo kilikuwa hasi. Mwezi wa tatu: UTI. Mwezi wa nne mara mbili: vidonda vya tumbo, kisha maumivu ya mwili. Mwezi wa tano, pembeni ya safu ya ugonjwa, kwa kalamu tofauti, nesi alikuwa ameandika maneno yake mwenyewe: "mwili kuwaka moto, hapati usingizi, ana mawazo." Kwenye tali siku hiyo aliingia kama maumivu ya mwili.

Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu. Kila aliyekulia huku anajua maana ya mtu kusema ana mawazo, moyo unakwenda mbio, kichwa kama kimefungwa kitambaa. Watu wetu hawaingii zahanati wakasema "nina sonona". Wanaleta mwili, na kitabu kinaupokea mwili. Mama yule alikuwa amehesabiwa mara sita katika takwimu za taifa, chini ya magonjwa matano, na ugonjwa uliokuwa ukimla haukuwemo.

Kuna jambo la kiufundi hapa ambalo hata wenzangu wa takwimu hulisahau. DHIS2, ikiachwa ilivyo, haihifadhi sifuri kwa viashiria vingi. Ukiandika 0, mfumo unaichukulia kama hukuandika kitu. Kwa hiyo zahanati iliyochunguza ikakosa mgonjwa, zahanati isiyo na mtu wa kuchunguza, na zahanati ambayo mwandishi aliruka mstari, zote tatu kwenye jedwali la taifa zinafanana. Huwezi kuzitenganisha ukiwa mezani. Lazima upande gari la chanjo.

Halafu kuna makapu yenyewe. Katika fomu niliyoizoea ya wagonjwa wa nje, umri umegawanywa hivi: chini ya mwezi mmoja, mwezi mmoja hadi chini ya mwaka, mwaka mmoja hadi chini ya mitano, mitano hadi chini ya sitini, sitini na kuendelea. Kwa malaria na kuhara mgawanyo huo una akili sana, kwa kuwa wanaokufa zaidi ni wadogo. Kwa afya ya akili ni balaa. Magonjwa mengi ya akili huanza kabla ya miaka 25. Binti wa darasa la sita aliyeacha kula, kijana aliyeanza kusikia sauti akiwa kidato cha tatu, na mvuvi wa Msimbati mwenye miaka 59 anayelewa kuanzia asubuhi, wote wanaingia kapu moja. Ukiniuliza vijana wangapi wa Lindi wamepata huduma ya akili mwaka jana, jibu limo vitabuni, lakini fomu imelimeza.

Na kifafa? Hapa kwetu mgonjwa wa kifafa hutibiwa kliniki ya akili, dawa anapewa dirisha hilo hilo, fenobabitoni au kabamazepini. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo na mfumo wa fahamu, si wa akili. Lakini ukiona taarifa inasema "waliohudhuria kliniki ya afya ya akili", jua kwamba sehemu kubwa inaweza kuwa ni kifafa, maana mgonjwa wa kifafa anayetumia dawa anarudi kila mwezi. Sisemi kliniki ziwatenge. Nasema jedwali liwatenge.

Kurudi huko ndiko kunakoleta kosa jingine, la kuhesabu mahudhurio na kudhani umehesabu watu. MTUHA inajaribu: mtu akija kituoni kwa mara ya kwanza katika mwaka, anawekewa nyota. Ni mbinu nzuri ya karatasi. Ila Januari inapoingia kila mtu anapata nyota upya, na akienda kituo kingine anapata nyota nyingine. Finland wanaandika tangu 1969 kila anayetoka hospitalini kwa namba yake ya utambulisho, kwa hiyo wanaweza kusema watu wangapi, mtu huyu alilazwa mara ngapi, na alirudi baada ya muda gani. Sisi tunaweza kusema milango ilifunguliwa mara ngapi.

Mlango gani, nalo ni suala. Takwimu hizi zinafuata kituo, hazifuati kijiji cha mgonjwa. Mtu wa Newala akipelekwa Mirembe, hospitali ya akili iliyoanzishwa Dodoma mwaka 1927, safari ya karibu kilomita elfu moja kupitia Dar es Salaam, analala Dodoma na anahesabiwa Dodoma. Ramani ya taifa inaipaka Dodoma rangi nzito na Kusini inaiacha nyeupe. Nimewahi kusikia mtu mzima, msomi, akitafsiri weupe ule kwa kusema watu wa Kusini hawana makuu, wanaishi kwa utulivu. Iliniuma, kwa kuwa najua weupe ule umetengenezwa na nini.

Basi tujaribu kukadiria. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,634,947 Mtwara na 1,194,028 Lindi. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba skizofrenia, ambayo ni aina moja tu ya saikosisi, inampata kama mtu 1 kati ya kila 300 duniani. Ukigawanya, unapata kama watu 5,400 Mtwara na karibu 4,000 Lindi. Punguza, maana watu wetu wengi ni watoto na ugonjwa huu kwa kawaida huanza ujanani. Punguza hata nusu ukitaka. Bado ni maelfu ya watu wenye majina na mama zao, na kamba nyingine zimefungwa kwenye mikorosho. Ukiwa na makadirio hayo mkononi, sifuri ya zahanati haiwezi tena kukupumbaza.

Ndiyo maana nchi zenye uwezo hazitegemei hospitali peke yake. Uingereza hupita nyumba kwa nyumba na kuwauliza watu wazima waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na wamefanya hivyo mara kadhaa tangu 1993. Mwaka 2014 walikuta mtu mzima 1 kati ya 6 ana dalili za sonona au wasiwasi wiki ile aliyoulizwa, na kati ya hao kama theluthi moja tu ndio waliokuwa wanapata tiba. Huko dawa zipo na daktari yupo, na bado wengi hawamo kwenye vitabu vya hospitali.

Nikigusa waliolazwa, kuna hesabu moja inanikera. Wastani wa siku za kulazwa hupatikana kwa kugawanya jumla ya siku walizokaa waliotoka kwa idadi yao. Tuseme wodi imetoa wagonjwa kumi. Tisa walikaa siku kumi kumi, mmoja siku mia mbili kwa sababu ndugu hawakuja kumchukua. Jumla ni siku 290, wastani siku 29. Hakuna mgonjwa hata mmoja aliyekaa siku 29. Ukiwapanga kwa mstari na kumtazama wa katikati, alikaa siku kumi, na hiyo ndiyo habari ya kweli ya wodi. Kubwa zaidi: yule wa siku mia mbili hakuonekana kwenye hesabu hadi siku alipotoka. Aliyeachwa wodini na jamaa zake mwaka wa pili sasa hayumo kwenye wastani wowote. Utamwona tu ukikokotoa vitanda vilivyokaliwa, na hapo anaonekana kama kitanda.

Kuna watu wengine wanaopotea kabisa: waliojaribu kujiua. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinalifanya jaribio hilo kuwa kosa la jinai. Nesi anayejua hivyo, na anayemjua mgonjwa na wazazi wake, ataandika "ajali" au "sumu" na kunyamaza. Simlaumu hata kidogo. Ila sisi tunaokaa na majedwali tusije tukajumlisha ukimya wake na kuuita kiwango cha chini. Na kama wewe unayesoma unapitia hali hiyo, mwambie mtu mmoja leo, na fika kituo chochote cha afya. Wengi wa tunaofanya kazi hii tunataka upone, hatutaki ufungwe.

Msimu nao una lake. Korosho zikianza kudondoka, watu wanahamia mashambani na zahanati zinapoa. Wakati huo huo mabibo, yale matunda ya mkorosho, yanageuka pombe ya uraka, na uraka unageuka gongo. Mahudhurio yanashuka mwezi ambao ulevi unapanda. Ukilinganisha Oktoba na Machi bila kulijua hilo, utampongeza mtu asiyestahili.

Baada ya safari ile mratibu alihangaika. Dawa zilipatikana, na yule nesi akaitwa kwenye mafunzo. Niliporudi zahanati alikuwa amebandika ndani ya jalada la Kitabu namba 5 karatasi ya maswali manne aliyoyaandika kwa mkono: analala? anakula? ana mawazo tangu lini? anasikia sauti? Yule mama wa kwenye rula alikuwa amerudi, na safari hii kwenye safu ya ugonjwa pameandikwa sonona.

Robo iliyofuata nilipigiwa simu. Aliyepiga alikuwa na jedwali mbele yake na wasiwasi kwenye sauti. "Kaka, hii zahanati mbona wagonjwa wa akili wameongezeka ghafla hivi? Huko kumetokea nini?" Nikamweleza kwamba dawa zilifika mwezi wa saba, na dada wa pale alikwenda mafunzo akarudi. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba niliandike hilo chini ya jedwali, ili lisomwe pamoja na namba. Nimeliandika.