Kumleta Yorkie mchanga kwenye nyumba yenye paka na mbwa wa geti

Mwenye nyumba akiuliza afanye nini siku kijibwa kipya kitakapofika, jibu la jirani, na mara nyingine la muuzaji mwenyewe, ni lile lile: "Waache tu, watazoeana." Kwa mbwa wa mtaani wa umbo la kawaida huenda hilo likapita. Kwa Yorkshire terrier, yaani Yorkie, halipiti, na sababu si tabia yake wala wivu wa wanyama aliowakuta. Sababu ni mizani.

Kijibwa cha Yorkshire terrier cha wiki 8 hadi 10 huwa na uzito wa kati ya gramu 500 na kilo 1. Hata kikikomaa kinatarajiwa kuishia kilo 3.2 hivi. Mbwa wa ulinzi anayefunguliwa usiku kwenye nyumba nyingi za Nyali na Bamburi hapa Mombasa, awe German shepherd au chotara wake, ana kilo 30. Piga hesabu: gramu 700 mbele ya kilo 30 ni kama mtu wa kilo 70 kuchezewa na ndovu jike wa tani 3. Ndovu huyo si lazima awe mkali. Anyanyue mguu tu kwa furaha, yamekwisha. Utosi wa Yorkie mchanga mara nyingine haujafunga bado, na mifupa ya miguu yake ya mbele ni myembamba kuliko kalamu.

Kwa hiyo mpango ninaoupendekeza unalenga mambo matatu tu: kijibwa kisikanyagwe, kisitikiswe, kisikae na njaa. Urafiki utakuja wenyewe au hautakuja.

Chumba cha siku kumi

Kabla ya kukutanishwa na yeyote, kijibwa kikae chumba chake chenye mlango unaofunga, siku 10. Siku hizo zinafanya kazi mbili kwa mpigo.

Ya kwanza ni ugonjwa. Parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, huchukua siku 3 hadi 7 tangu kuambukizwa hadi kuonekana, kwa hiyo kijibwa kinachorukaruka Jumatatu kinaweza kuanza kutapika na kuharisha damu Ijumaa. Virusi vyake hukaa nyumbani miezi mingi, na dawa za kupigia deki zenye harufu nzuri haziviui. Kinachoviua ni jiki: kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, iachwe sakafuni dakika 10. Uchafu uoshwe kwanza kwa sabuni, maana jiki ikikutana na kinyesi hupoteza nguvu. Aina za sasa za parvo ya mbwa zinaweza kumpata na paka, kwa hiyo wanyama waliopo wawe wamechanjwa angalau wiki mbili kabla mgeni hajaingia.

Kadi yenye muhuri mmoja aliyokupa muuzaji si kinga kamili. Chanjo huanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, kwa sababu kinga aliyoipata kwenye maziwa ya mama huiua chanjo, na hakuna anayejua ni wiki ipi hasa itapungua. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akitimiza wiki 12. Dawa ya minyoo ni kila wiki mbili mpaka wiki hiyo ya 12, halafu mara moja kwa mwezi mpaka miezi 6.

Kazi ya pili ni harufu. Chukua leso kuukuu, kipande kimoja kitandike anapolala kijibwa, kingine anapolala paka au mbwa mwenyeji. Kila asubuhi vibadilishane. Kile chenye harufu ya kijibwa kiweke chini ya bakuli la chakula la mwenyeji, ili harufu ya mgeni ije pamoja na shibe. Paka akiinusa leso, akafoka na kususia chakula, isogeze mita mbili mbali na bakuli, kisha kila siku isogeze karibu kidogo. Mbwa akiigandia kwa macho, mdomo umefungwa, mkia umesimama kama mti, hiyo ni habari muhimu: huyo atahitaji zaidi ya siku 10. Kuanzia siku ya nne au ya tano walishwe pande mbili za mlango uliofungwa.

Njaa inayoua kimyakimya

Hapa ndipo nyumba yenye wanyama wengi inapompoteza Yorkie bila hata jino kumgusa. Ini lake ni dogo na halina akiba ya sukari ya kutosha. Akichelewa kula, akipata baridi, au akishinda siku nzima amejificha chini ya kitanda kwa kumwogopa paka, sukari ya damu inaporomoka. Anaanza kulegea, anayumba kama mlevi, anatetemeka, kisha degedege. Yote hayo yanaweza kutokea ndani ya saa chache.

Mpe chakula mara 4 kwa siku mpaka afike miezi 4: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na moja jioni, na saa nne usiku kabla taa hazijazimwa. Chakula kikavu cha watoto wa mbwa kilainishwe kwa maji ya uvuguvugu, na mlango uwe umefungwa anapokula. Baada ya dakika 20 bakuli liondolewe. Kwa sisimizi wetu wa pwani, liweke bakuli ndani ya sahani yenye maji kina cha kidole kimoja, la sivyo utamkuta amesusa na midomo imeumwa. Chakula cha paka kipandishwe juu ya meza, kwa kuwa kina mafuta na protini nyingi kuliko tumbo lake linavyoweza, na atakipenda kuliko chake.

Mpime kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, akiwa ndani ya bakuli la plastiki, wiki mbili za mwanzo. Gramu zikisimama siku mbili, au zikishuka, usisubiri. Akilegea, mpake asali kwenye ufizi kwa ncha ya kidole, nusu kijiko cha chai hivi. Usimmiminie kooni kama hana fahamu, itaingia mapafuni. Mfunike, kisha twende kwa daktari wa mifugo hata akiamka njiani. Kijibwa kinachosafirishwa kutoka Nairobi, takribani kilomita 480 za barabara, kiwe na chakula chake njiani, na kipumzike siku nzima kabla ya kuonyeshwa kwa yeyote, watoto wa jirani wakiwemo.

Mbwa

Tofautisha mbwa wa nyumbani na mbwa wa geti. Mbwa anayeishi na watu, anayejua "kaa" na "acha", anaweza kufundishwa. Mbwa anayefungiwa bandani mchana kutwa na kufunguliwa usiku hajui kitu kidogo kinachokimbia ni nini ila ni windo. Huyo simshauri mtu amkutanishe na Yorkie hata kidogo. Mlango wa jikoni ufungwe kabla banda halijafunguliwa, na aliye na zamu ya kulifungua awe mmoja, ajulikane. Ajali nyingi za aina hii ni za mlango, si za ukali: dada ametoka kuanua nguo, askari amefungua banda mapema, na Yorkie amefuata kivuli cha miguu ya dada.

Kwa mbwa wa nyumbani, kukutana kwa mara ya kwanza kuwe mahali asipopaona kuwa ni kwake. Kijibwa hakijamaliza chanjo, kwa hiyo barabarani na ufukweni si mahali pake. Paa tambarare la nyumba au ua wa simenti uliooshwa panatosha. Mtembeze mkubwa kwanza mpaka achoke, saa kumi na mbili asubuhi au baada ya magharibi. Msimu wa kaskazi, joto linapopanda mpaka nyuzi 32 na hewa imejaa unyevu, adhuhuri humfanya kila mnyama awe na hasira fupi.

Kijibwa kikae ndani ya kizimba cha waya, mkubwa awe kwenye kamba ya mita moja na nusu isiyovutwa. Kamba ikikaza, shingo inakaza, na mbwa anadhani kuna vita. Dakika 5 zinatosha, mara mbili au tatu kwa siku. Matundu ya waya yasizidi sentimita 3. Mageti ya watoto yanayouzwa madukani ni mapana mno: Yorkie hupita katikati ya vyuma, au mbaya zaidi, kichwa kinapita na mwili unabaki.

Tazama mdomo kabla ya mkia. Mdomo uliolegea na macho yanayopepesa ni salama. Mdomo uliofungwa ghafla, macho yasiyopepesa, na kichwa kilichoshushwa usawa wa mabega, watenganishe. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba hata mbwa mpole, aliyecheza na kijibwa wiki nzima, anaweza kubadilika kwa sekunde moja kijibwa kikilia kwa sauti nyembamba na kutapatapa. Sauti hiyo ni ya panya aliyeshikwa. Masikio ya mkubwa husimama mbele, anakamata, anatikisa mara moja. Hana chuki. Silika imewashwa, na shingo ya gramu 700 haivumilii mtikiso mmoja. Ndiyo maana muda wa kuwaacha wawili peke yao, hata kwa kwenda kufungua mlango, ni sifuri.

Kijibwa kivae mkanda wa kifuani, si wa shingoni. Bomba la hewa la Yorkie lina gegedu dhaifu, na kuvutwa shingo mara kwa mara hulibonyeza mpaka akaanza kikohozi kama cha bata.

Paka

Ushauri wa kawaida ni kumwachia paka upenyo mdogo ambao mbwa hapiti. Kwa Yorkie ushauri huo ni bure, kwani anapopita paka na yeye anapita. Linalobaki ni kimo. Paka awe na rafu, juu ya friji, au dirisha lenye grili, katika kila chumba ambacho kijibwa kitaingia, na njia ya kupanda isianzie kwenye sofa. Sofa ndilo tatizo: paka ataruka juu, kijibwa kitapanda kumfuata, kisha kitaruka chini kwenye vigae. Kuvunjika miguu ya mbele karibu na kifundo ni jeraha la kawaida sana kwa mbwa wadogo hivi. Tandika mkeka au zulia mbele ya viti, na vigae vitelezavyo vifunikwe kwenye njia zao.

Makucha ya paka yakatwe ncha siku moja kabla. Macho ya Yorkie yako wazi na makubwa, na kofi moja la paka linatosha kukwaruza kioo cha jicho. Akifumba jicho moja na kutoa machozi, ni daktari siku hiyo hiyo, si kesho. Choo cha paka kiwe juu au nyuma ya mlango, kwa sababu kijibwa kitakula kinachokikuta humo, mchanga na vyote.

Na usimwonee huruma kijibwa tu. Mababu zake walikuwa wawinda panya wa viwandani huko Yorkshire, Uingereza, karne ya 19. Kumkimbiza paka mzee siku kutwa ni raha yake. Mfungie kamba nyepesi ya mita mbili inayoburuta, ikanyage anapoanza.

Dawa ya kupe

Hii ni hatari ambayo wengi hawaijui mpaka paka amekufa. Pwani kupe hawana msimu, kwa hiyo kila mwenye mbwa ananunua dawa. Dawa nyingi za kudondosha mgongoni mwa mbwa zina permethrini. Ini la paka haliwezi kuivunja. Paka akilala na mbwa aliyetiwa dawa, au akimlamba, huanza kutikisika masikio na ngozi, kisha mwili mzima, kisha degedege. Mwoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha daktari mara moja. Amitrazi, ambayo watu huchota kwenye dawa ya kuogeshea ng'ombe, haifai kwa paka wala kwa kijibwa cha kimo hiki. Na anayekwepa hizo mbili kwa kutumia fipronili akumbuke kwamba humwua sungura.

Usigawe dawa ya mbwa mkubwa "nusu nusu". Mwambie daktari gramu za kijibwa na utaje kila mnyama aliyeko nyumbani, hata yule wa bandani.

Sungura na vifaranga hawapaswi kuwa mahali pamoja na kijibwa kabisa. Kasuku awe juu, tundu lisiwe na trei ambayo kijibwa kinaweza kuilamba. Kuku mkubwa huwa hana shida naye. Ni kijibwa kitakachodonolewa jicho. Uani pia usikiache peke yake hata dakika tano, kunguru wa Mombasa unawajua. Masika ikianza, vyura hutoka usiku, na sumu ya mgongo wao humtoa Yorkie mapovu: futa ufizi kwa kitambaa chenye maji, kichwa kimeinama chini, ukielekea kwa daktari.

Kizimba naanza kukifungua kijibwa kikifika kilo 1.5 na mkubwa akiweza kulala na kusinzia kikiwa mbele yake, siku saba mfululizo. Ukiwa chumbani tu. Ukitoka, kinarudi ndani, na hilo haliishi hata akiwa mtu mzima wa kilo 3. Mifupa na mabakuli ya chakula hayachanganywi tena kamwe.