Jinsi malaria inavyoenea vijijini: dhana potofu na ukweli wake

Uchunguzi wa maambukizi ya malaria katika jamii za vijijini kwenye maeneo ya tropiki huweza kupotoka kabla hata ya mbu wa kwanza kunaswa, kwa sababu wanaouliza maswali wanakuwa wamekwisha kuamini majibu yasiyo sahihi. Dhana hizi si jambo dogo: ndizo zinazopeleka dawa, fedha na nguvu za watu mahali pasipohitajika.

Dhana: Daftari la wagonjwa wa zahanati linatosha kuonyesha kiasi cha malaria kijijini.

Ukweli: Daftari linaonyesha waliougua, wakafika na wakapimwa. Mahali ambapo watu wameambukizwa mara kwa mara kwa miaka mingi, watu wazima na watoto wakubwa hujenga kinga isiyowazuia kupata vimelea, bali inayowawezesha kuvibeba bila homa. Baadhi yao huwa na vimelea vichache kiasi kwamba hadubini na kipimo cha haraka haviwezi kuvigundua, ilhali kipimo cha PCR, kinachotafuta vinasaba vya kimelea, huvibaini. Watu hawa hulima, husafiri na hulala kama kawaida, na mbu akiwauma anaweza kuondoka na maambukizi. Mtafiti anayewahesabu wagonjwa peke yao anawaacha nje watu wanaoendeleza maambukizi kutoka msimu mmoja hadi mwingine. Hivyo ni lazima apite nyumba kwa nyumba na kuwapima pia wasiolalamika lolote. Vilevile asome majibu kwa uangalifu, kwani kipimo cha haraka kinachotafuta HRP2, protini inayotolewa na kimelea cha malaria, huweza kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya mgonjwa kutibiwa na kupona.

Dhana: Penye mbu wengi ndipo penye malaria nyingi.

Ukweli: Malaria ya binadamu huenezwa na mbu jike wa jamii ya Anofelesi, na si kila Anofelesi ana uwezo huo kwa kiwango kilekile. Kijiji kinaweza kujaa mbu wa Kuleksi wanaowanyima watu usingizi bila hata mmoja wao kueneza malaria. Hata miongoni mwa Anofelesi wenyewe, jambo lenye uzito kuliko idadi yao ni umri. Tuseme kimelea kinahitaji siku 12 kukomaa ndani ya mbu na kufika kwenye tezi zake za mate. Ikiwa mbu 90 kati ya 100 huvuka kila siku wakiwa hai, watakaotimiza siku hizo 12 ni takriban 28. Wakivuka 80, watakaotimiza ni 7 hivi. Tofauti ndogo katika uhai wa siku moja inageuka kuwa tofauti kubwa mno katika maambukizi, na George Macdonald, mtaalamu wa malaria kutoka Uingereza, alilionyesha jambo hilo kihesabu katika miaka ya 1950. Kwa maoni yangu, hakuna hoja nyingine inayostahili kufundishwa zaidi ya hii, kwa kuwa inaeleza kwa nini chandarua chenye dawa, kinachofupisha maisha ya mbu, humkinga pia jirani asiye nacho pale kinapotumiwa na watu wengi. Basi watafiti hawaishii kuhesabu mbu walionaswa: huwatambua kwa spishi, huchunguza ovari zao ili kujua kama wamewahi kutaga, ambayo ni dalili ya umri wao, na hutafuta vimelea kwenye tezi za mate.

Dhana: Malaria hutokana na kunyeshewa mvua, baridi au maji machafu.

Ukweli: Mwaka 1897 daktari Mwingereza Ronald Ross aliona vimelea kwenye ukuta wa tumbo la mbu nchini India, na tangu hapo nafasi ya mbu imethibitishwa tena na tena. Mvua huchangia kwa kuacha madimbwi. Anopheles gambiae, spishi mojawapo ya Anofelesi, hupendelea maji madogo ya muda yanayopigwa na jua, kama yale yanayobaki kwenye nyayo za ng'ombe na alama za magurudumu, ilhali spishi nyingine, Anopheles funestus, huzaliana kwenye maji ya kudumu yenye majani.

Dhana: Ukipulizia dawa ndani ya nyumba zote, maambukizi yatakatika.

Ukweli: Mradi wa Garki, uliofanyika kaskazini mwa Nigeria kati ya mwaka 1969 na 1976, uliunganisha upuliziaji wa dawa ya kuua mbu na ugawaji wa dawa za malaria kwa watu wote. Maambukizi yalipungua sana, lakini hayakukoma, na sababu mojawapo ni kwamba sehemu ya mbu walipumzika nje ya nyumba, mbali na kuta zilizopuliziwa. Anayechunguza kijiji anapaswa kujua mbu huuma saa ngapi, na watu wako wapi saa hizo.

Dhana: Watafiti huchukua damu kwa faida yao wenyewe.

Ukweli: Hofu hii inastahili kujibiwa kwa heshima. Kwa kawaida matone machache kutoka kidoleni yanatosha. Kila mshiriki ana haki ya kuelezwa kusudi la uchunguzi kwa lugha anayoielewa, kukataa, na kujitoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu. Naye anayegundulika kuwa na malaria hutibiwa. Matokeo ya jumla nayo yarudishwe kijijini na kujadiliwa mkutanoni, ili wanakijiji waeleze yale ambayo mitego haionyeshi: nani hulala shambani wakati wa mavuno, na nyumba zipi hazina vyandarua.