Kikombe chenye magamba kutoka Izmir

Kijana wa jirani yangu hapa mtaa wa Kisasa, Dodoma, amerudi likizo kutoka Izmir, Uturuki, anakosoma. Jioni moja akaja barazani. "Shikamoo mwalimu. Hebu nitazamie hiki." Akanipa kitu cha hudhurungi, kikubwa kuliko ndimu, kilichojaa magamba yaliyosimama kama ya kakakuona aliyetishwa. Alikiokota chini ya mti nje ya hosteli. Mama yake alishakata shauri kwamba ni dawa, ila hakujua ya nini.

Ni tunda la mwaloni. Jina mnalijua, maana Abramu alikaa kwenye mialoni ya Mamre, lakini wengi wetu hatujawahi kuuona mti wenyewe. Dunia ina aina zaidi ya 400 za mialoni, na Afrika huota yenyewe upande wa kaskazini tu, kama Moroko, Algeria na Tunisia. Huku kwetu kwenye mibuyu na migunga hakuna hata mmoja wa asili.

Tunda lake ni kokwa nyororo iliyokalia kikombe kigumu. Mtu asiyezoea hukimbilia kokwa, nayo haimsaidii sana, kwa sababu kokwa za mialoni mingi zinashabihiana. Mimi huanza na kikombe: kina upana gani, kimeifunika kokwa hadi wapi, na magamba yake yakoje.

Hata hivyo nilianza kwa kukosea. Kuna mwaloni ambao Waingereza wameupa jina la Uturuki, Quercus cerris, na kikombe chake kina manyoya. Nikasikia Uturuki, nikaona manyoya, nikatamka jina kwa sauti ya profesa. Usiku nikakirudia kwa rula na lenzi. Manyoya ya cerris ni membamba, kama kuvu juu ya jiwe, na kikombe chake ni kidogo. Hiki kilikuwa na sentimita 4 na nusu pamoja na magamba, na kila gamba lilikuwa bapa, nene, gumu kama ubao, ncha imepinda nje. Upo pia mwaloni wa Marekani wenye tunda kubwa, Quercus macrocarpa, lakini tunda lake lina shada la nyuzi ukingoni tu mwa kikombe, tena mtu haliokoti chini ya mti wa kawaida Izmir.

Uliobaki ni Quercus ithaburensis, ile namna ya magharibi mwa Uturuki na Ugiriki. Jina limetoka kwenye mlima Tabori, kule Galilaya. Waturuki tunda hili huliita palamut, na samaki mmoja wao pia huitwa palamut, kwa hiyo ukiwa sokoni angalia uko upande gani.

Vikombe hivi vilikuwa mali. Vimejaa tanini, kile kinachokausha ulimi ukitafuna ganda la komamanga, na katika karne ya 19 vilipakiwa melini Izmir kwenda kwenye viwanda vya ngozi vya Ulaya. Kazi ni ileile ya magome ya miwati ya Njombe, kutengenezea ngozi.

Kijana alitaka kulipanda. Nilimwonyesha kitundu cha mviringo ubavuni mwa kokwa: funza wa fukusi alikula ndani, akatoboa, akatoka. Tukaitumbukiza kwenye bakuli la maji, ikaelea. Na hata ingekuwa nzima, kokwa ya mwaloni haivumilii kukauka kama punje ya mahindi, ikikauka, imekufa. Nikamkumbusha pia, kwa upole wa jirani, kwamba mbegu ya nje huingia na cheti cha afya ya mimea, kwa sababu ya funza kama huyo hasa. Kokwa ikalala wiki nzima kwenye friza langu, karibu na samaki, ili funza yeyote aliyebaki afe.

Magamba mawili niliyavunja nikayachemsha. Maji yakawa rangi ya chai ya rangi. Nikatia msumari wenye kutu, na baada ya muda yakageuka meusi ti, kama wino; tanini ikikutana na chuma hufanya hivyo. Mama yake kijana, ambaye husuka vikapu, alichovya uzi mmoja, akaupeleka kwenye mwanga wa mlango, akauliza yamebaki magamba mangapi.