Robo-adviza "wa bure" na pesa iliyolala

Waswahili wenzangu hapa Marekani wakijua kazi yangu, swali huwa moja: "Robo-adviza gani kafanya vizuri mwaka jana?" Mimi huanzia kwingine. Nawaambia wafungue akaunti wanionyeshe ni asilimia ngapi ya pesa zao haijanunua chochote.

Robo-adviza ni programu inayokuuliza umri wako, lengo lako na hasara unayoweza kuivumilia, kisha inakununulia mchanganyiko wa hisa na hati fungani kupitia mifuko ya ETF (mifuko ya uwekezaji inayouzwa sokoni kama hisa), na kuurudisha kwenye uwiano kila unapoyumba. Betterment na Wealthfront zimejulikana kwa ada ya asilimia 0.25 kwa mwaka, yaani dola 125 kwa akaunti ya dola 50,000. Mifuko yenyewe nayo ina gharama yake, inayokatwa humo humo ndani bila wewe kuona makato yoyote kwenye taarifa.

Sasa huyo wa bure. Mwaka 2015 Schwab, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, ilianzisha huduma isiyotoza ada ya ushauri hata senti. Ila kila kapu, yaani mchanganyiko wa uwekezaji wa mteja, lilitengewa fedha taslimu, kuanzia takriban asilimia 6 hadi karibu 30, na fedha hizo zikawekwa kwenye benki ya kundi hilohilo. Benki ikazikopesha kwa riba kubwa kuliko iliyomlipa mteja. Juni 2022 kampuni tatu za Schwab zilikubali kulipa dola milioni 187 kumaliza shauri lililoletwa na SEC, msimamizi wa masoko ya mitaji, bila kukiri wala kukana. Kwa mujibu wa SEC, hesabu za Schwab yenyewe zilionyesha kwamba katika hali nyingi za soko mteja angepata pungufu huku akibeba hatari ileile.

Piga hesabu mwenyewe. Una dola 50,000 na asilimia 10 imelala: hizo ni 5,000. Tuseme sehemu nyingine ya kapu inazaa asilimia 6 kwa mwaka, fedha taslimu inazaa 1. Umekosa dola 250, mara mbili ya ile ada uliyokuwa unaikimbia. Na hakuna mahali itaandikwa kuwa umelipa.

Baada ya hapo ndipo nazungumzia faida, na hapo ugomvi huwa ni wa kulinganisha. Kaka mmoja alitaka kuhama kwa sababu kapu lake lilikuwa nyuma ya S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa 500 za Marekani, ilhali asilimia 40 ya kapu lake ni hati fungani. Kapu lilinganishe na linalofanana nalo: mfuko mmoja wa hisa na mmoja wa hati fungani, kwa uwiano uleule, kwa miaka ileile. Na mwaka 2022 usiuruke. Hisa za Marekani zilishuka kama asilimia 18, hati fungani kama 13. Zote mbili kwa pamoja, jambo ambalo si la kila siku.

Dodoso la hatari mimi siliamini sana. Niliwahi kujaza majibu yaleyale kwa kampuni tatu. Moja ikanipa hisa asilimia 60, nyingine karibu 90. Kwa hiyo namuuliza mtu swali langu: dola 50,000 zikibaki 35,000 ifikapo Desemba, na mama kule nyumbani anahitaji pesa ya hospitali, utauza? Wengi hunyamaza kwanza. Kisha tunarudi kwenye dodoso na kupunguza hisa.